Wizi wa mifugo Mara: Ulinzi uanzie mnadani, si usiku peke yake

MKULIMA wa Butiama au Bunda akiibiwa ng'ombe, watu humpa pole kwa idadi ya ng'ombe waliopotea. Wawili, watano au kumi. Ni mara chache kumsikia mtu akihesabu eka ambazo hazitalimwa msimu huo, ada za shule zitakazochelewa, au duka la jirani ambalo halitalipwa deni lake.

Makala hii inafanya hesabu hiyo, halafu inauliza swali moja: iwapo kijiji, kata na polisi wana fedha kidogo na watu wachache, waanze na lipi?

Nauliza nikiwa mchumi wa kilimo, lakini pia nikiwa mtoto wa mfugaji. Siku moja baba yangu mdogo aliamka akakuta zizi limefunguliwa. Nilipofika kumpa pole aliniambia, "Mwanangu, ng'ombe nitanunua. Mvua haitanisubiri." Maneno hayo yalinifundisha kitu ambacho sikukipata darasani.

Hesabu ya jozi moja

Tuchukue mfano. Mkulima ana jozi moja ya maksai na plau. Analima eka 4 zake, na kwa msimu anawalimia majirani eka 10 kwa malipo. Tuseme kulima eka moja ni Sh60,000, na maksai mmoja ni Sh800,000. Wewe msomaji weka bei za kwenu.

Jozi ikiibwa, kununua nyingine ni Sh1,600,000. Mapato ya kuwalimia majirani, Sh600,000, yamekwenda. Eka zake 4 itabidi alimiwe kwa Sh240,000. Jumla ni Sh2,440,000. Bado hatujahesabu mavuno yaliyopungua kwa sababu ya kupanda kwa kuchelewa, wala wale majirani ambao nao walikuwa wanategemea jozi hiyo.

Sasa tuangalie ulinzi. Kijiji chenye kaya 300, kila kaya ikichangia Sh2,000 kwa mwezi, hukusanya Sh7,200,000 kwa mwaka. Hizo ni karibu sawa na hasara ya jozi tatu. Maana yake ni kwamba mchango huo unalipa iwapo utazuia wizi wa jozi tatu kwa mwaka. Kijiji ambacho hakiibiwi kiasi hicho kinapaswa kutafuta njia ya bei nafuu zaidi, na njia hiyo ipo.

Sungusungu na kufuata nyayo

Mikoa ya Kanda ya Ziwa haikusubiri semina ili ijilinde. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-79 silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga na Tabora waliunda sungusungu, na utaratibu huo ukasambaa hadi Mara. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa walinzi hao wa jadi uwezo wa kukamata. Hayakuwapa uwezo wa kuhukumu wala kupiga.

Mkoani Mara upo pia utaratibu wa kufuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa yowe hupigwa, watu hufuata alama za kwato, na nyayo zikiingia kijiji cha pili, kijiji hicho hupokea kazi na kuendelea nazo. Zikiishia hapo bila kutoka upande wa pili, wenyeji hutakiwa kuwatoa ng'ombe au kulipa.

Kiuchumi utaratibu huu una akili. Unamfanya jirani asiyeibiwa naye awe na sababu ya kuamka usiku, kwa kuwa akilala anaweza kulipia. Ubaya wake ni kwamba mjane mwenye mbuzi watatu hulipa sawa na yule aliyemficha mwizi. Aidha, pale ambapo watu wenye hasira hukamata, huhukumu na kuadhibu wenyewe, mtuhumiwa huweza kuuawa kabla hajataja mnunuzi wake. Jamii humpoteza shahidi, na mnunuzi huendelea na biashara.

Mwizi ni mfanyabiashara

Wapo wanaosema wizi wa ng'ombe Mara ni mila tu, kijana anatafuta mahari. Zamani uvamizi wa mifugo ulikuwa na sura hiyo. Lakini kwa miongo mingi sasa ng'ombe wa wizi amekuwa bidhaa: huvushwa, huuzwa au huchinjwa kwa ajili ya fedha. Ndiyo sababu moja ya Tarime na Rorya, zinazopakana na Kenya, kuwa na mkoa wao wa kipolisi.

Kama ni bidhaa, ina soko. Mwizi hawezi kukaa na ng'ombe kumi muda mrefu, kwani wanalia, wanakunywa maji na mwenyewe anawafahamu kwa rangi na pembe. Lazima auze haraka, kwa bei ya chini, kwa mtu asiyeuliza maswali. Mtu huyo asipopatikana, safari ya usiku haina faida.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Zizi ziko maelfu na usiku ni mrefu. Minada, machinjio na madaraja vinahesabika. Kutoka Musoma kwenda Sirari kwa barabara kuu, kwa mfano, lori hupita daraja la Kirumi juu ya Mto Mara.

Vipaumbele vinne

Kwanza, daftari la mifugo la kijiji. Liwe na jina la mwenye ng'ombe, idadi, rangi, chapa na alama. Gharama yake ni daftari, kalamu na siku chache za kazi. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tangu 2010. Upigaji chapa ulihimizwa sana mwaka 2017, hereni za kielektroniki zikafuata na kulalamikiwa kwa gharama, na Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Mfugaji anayeona alama kuwa ni kodi nyingine ajiulize: siku ng'ombe wake akikutwa mnadani, atathibitishaje kuwa ni wake?

Pili, karatasi mnadani na machinjioni. Asiuzwe ng'ombe bila barua ya kijiji alikotoka, na asisafirishwe bila kibali. Mwenye bucha asikubali nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi. Ng'ombe wa bei ya kutupa humvutia mfanyabiashara mdogo, lakini anaweza kumpoteza mtaji wote. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa wizi wa mifugo, na kupokea mali ya wizi ni kosa pia.

Tatu, simu kabla ya yowe kufifia. Vijiji vinavyopakana, hata kama kimoja kiko Butiama na kingine Bunda, viwe na namba za viongozi wao wa ulinzi, za msimamizi wa mnada na za polisi wa kata. Polisi jamii, iliyotiliwa mkazo na Jeshi la Polisi tangu 2006, haina maana kama taarifa inafika asubuhi wakati ng'ombe wameshapakiwa.

Nne, doria yenye mipaka na mahesabu. Kamati ya ulinzi na usalama ni moja ya kamati za kudumu za halmashauri ya kijiji. Isome mapato na matumizi ya michango mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtuhumiwa akikamatwa apelekwe kituoni akiwa hai, na jina la mlinzi aliyempeleka liandikwe. Mchango usiosomewa mahesabu hugeuka kuwa kero, na watu wakiacha kulipa doria hufa.

Ziwani na mjini ni hivyo hivyo

Wavuvi wa Musoma wana kilio kama hicho kuhusu nyavu na injini za boti. Injini nayo haina faida kwa mwizi bila mnunuzi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni, maarufu kama BMU, vinaweza kuandika namba ya kila injini na kuipeleka kwa mafundi na wauzaji wa vipuri. Mwenye duka Bunda mjini naye anaweza kuandika namba za simu na redio alizonunua kwa mtu asiyemfahamu, pamoja na kitambulisho chake.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Linalohitajika ni watu watatu wasiopenda kukaa meza moja, yaani mfugaji, mchuuzi na polisi, wakubaliane kuanza na daftari. Polisi atasema wananchi wanaficha wezi. Wananchi watasema taarifa zao huvuja. Yote mawili yana ukweli wake, na hayataisha kwa hotuba. Yatapungua siku ng'ombe wa kwanza atakapokamatwa mnadani kwa sababu ya maandishi, na mwenyewe akamrudisha nyumbani kabla mvua haijapita.