Johannesburg: Matairi ya kasi na mvua ya alasiri

Tarehe 23 Novemba mwaka 2019, mashindano ya magari yanayodumu kwa muda wa saa 9 yalikuwa yakielekea ukingoni katika uwanja wa Kyalami, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, wakati mvua kubwa ya radi ilipoanza kunyesha. Lami iliyokuwa kavu iligeuka mkondo wa maji, na magari yakalazimika kufuatana kwa muda mrefu nyuma ya gari la usalama. Hatimaye ushindi uliwaendea Dennis Olsen, Nick Tandy na Mathieu Jaminet, waliopokezana usukani wa gari aina ya Porsche.

Kwa wakazi wa Johannesburg mvua ya namna hiyo si jambo geni. Kuanzia Oktoba hadi Machi, jua huwaka tangu asubuhi, mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, na alasiri radi hupasuka wakati ambapo wafanyakazi wanarejea makwao. Lakini timu ya mashindano ina matairi ya mvua na mafundi wa kuyafunga katika muda mfupi. Mwenye gari la kawaida, hata liwe la kasi namna gani, hurudi jioni katika barabara kuu ya N1 na matairi yale yale aliyoondoka nayo asubuhi.

Tairi la gari la kasi hutofautiana na la kawaida kwanza kwa mpira wake. Mpira laini huingia katika vijishimo vya lami na kuishika, na kwa sababu hiyo gari hukata kona bila kuteleza na husimama mapema dereva akanyagapo breki. Gharama yake ni kwamba mpira huo huisha haraka. Matairi mengi yana namba ubavuni inayokadiria uimara wake dhidi ya kulika: lenye 200 limekusudiwa kushika, na lenye 400 au zaidi limekusudiwa kudumu. Namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kama kipimo cha haki baina ya kampuni mbili.

Wako madereva ambao hufunga matairi yenye mifereji michache mno, yaliyotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, kisha wakayatumia mjini. Kwenye lami kavu na yenye joto, matairi hayo hayana mshindani. Mvua inyeshapo, mpira huo mzuri hauna pa kuyapitisha maji. Kazi ya mifereji ni kuyasukuma maji kando ili mpira uiguse barabara. Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi huelea juu yake, na hapo usukani na breki havina kazi tena.

Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, walichunguza jambo hili katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege zinazotua kwenye maji, wakapata kanuni inayohusisha mwendo na upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa kanuni hiyo, tairi lililokwisha mifereji na lenye upepo wa bar 2.2, yaani takriban paundi 32, huweza kuanza kuelea katika mwendo wa kilomita 94 hivi kwa saa. Upepo ukipungua hadi bar 1.6, mwendo huo hushuka hadi karibu kilomita 80. Mwendo unaoruhusiwa katika barabara kuu za Afrika Kusini ni kilomita 120 kwa saa. Ndani ya mifereji mna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6, na sheria ya nchi hiyo inakataza kutumia tairi lililolika hadi kulingana navyo. Hata hivyo, wataalamu wengi hushauri kulibadili mapema zaidi, likiwa limebakiwa na milimita 3.

Suala la upepo lina sura ya pekee mjini Johannesburg, kwani jiji hilo liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Geji ya upepo haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Hupima jinsi hewa hiyo inavyoizidi hewa ya nje. Hewa ya nje ni nyepesi katika nyanda za juu kuliko pwani. Kwa hiyo tairi lililojazwa bar 2.2 mjini Johannesburg litasoma takriban bar 2.0 likifika Durban, ingawa halikupoteza hewa yoyote. Joto la pwani hurudisha sehemu ya upungufu huo, lakini si wote. Dereva anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hukutana na hali iyo hiyo. Njia ya uhakika ni kupima upya baada ya kufika, tairi likiwa limepoa.

Mnunuzi hana budi pia kusoma maandishi ya ubavuni. Mathalani, katika 225/45 R17 91W, namba 91 inaonyesha kuwa tairi moja linabeba kilo 615, na herufi W kwamba linastahimili mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Herufi hiyo haisemi lolote kuhusu kushika barabara penye maji, ingawa wauzaji hupenda kuitaja kama kwamba inasema.

Anayeweza kununua matairi mawili tu hushauriwa na watengenezaji ayafunge nyuma, hata kama injini huendesha magurudumu ya mbele. Wengi hulipinga shauri hili. Lakini matairi ya mbele yakiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka kabla hajatambua.

Mwisho ni umri. Kando ya barabara nyingi za jiji huuzwa matairi yaliyokwisha kutumika, na baadhi yake yana mifereji mirefu ya kuvutia. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Jua la nyanda za juu hukausha mpira na kuufanya mgumu, na tairi la umri huo, hata likionekana jipya, huteleza kwenye lami iliyolowa.