Mahindi: Uyafunge kwenye Plastiki au Uyaache Yapumue?

Kama unaishi Ngujini au kwingine kwenye Milima ya Upare, unaujua ukungu unaoingia mpaka stoo. Sasa mahindi uyafunge kwenye plastiki, au uyaache kwenye gunia yapumue?

Tuanze na plastiki yenyewe. Selofani hutengenezwa kwa selulosi ya miti, na mvuke wa maji hupenya. Nailoni tunazozijua, yaani polithini, karibu hazipitishi mvuke kabisa. Kwa hiyo hazikaushi mahindi. Zinafungia unyevu uliomo. Ukifunga yakiwa mabichi, unafuga kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Ila mahindi makavu, unyevu asilimia 13 au chini, yanapenda kufungwa. Mfuko wa PICS una tabaka mbili za polithini ndani ya kiroba. Dumuzi wakimaliza oksijeni iliyomo wanakufa, bila dawa.

Utajuaje yamekauka? Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, subiri kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hapo usikimbilie kufunga. Yaanike tena juani siku moja mbili, juu ya turubai, siyo udongoni.

Kausha kwanza, ndipo ufunge.