Shule Ndogo Ndani ya Shule: Funzo Kutoka Juba

Kijana wa miaka 15 akiketishwa darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita, hatadumu. Aibu itamfukuza kabla hajajua kusoma.

Katika Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, vijana wa namna hiyo ni wengi. Vita vilivyokwisha kwa mapatano ya mwaka 2005, kisha mapigano yaliyozuka mjini humo Desemba 2013 na Julai 2016, viliwanyima miaka yao ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 imetamka kwamba elimu ya msingi ni bure na ya lazima. Lakini sheria peke yake haimrudishii mtu miaka iliyopotea.

Dawa iliyotumika ni shule ndogo ndani ya shule kubwa. Chini ya Wizara ya Elimu upo mpango wa masomo ya haraka kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Miaka minane ya shule ya msingi hufupishwa kuwa minne, na kila ngazi hubeba madarasa mawili. Mara nyingi vyumba ni vile vile vya shule ya serikali, vikitumiwa alasiri watoto wadogo wakiisha kwenda nyumbani. Hivyo hata binti anayeuza chai sokoni asubuhi aweza kupata nafasi ya kusoma.

Nguvu ya mpango huu imo katika mwisho wake. Mwanafunzi wa ngazi ya nne hufanya mtihani ule ule wa kumaliza shule ya msingi anaofanya mwanafunzi wa darasa la nane, naye akifaulu huingia sekondari kwa haki. Nchini Tanzania, MEMKWA nayo iliundwa ili iwarudishe walioikosa elimu katika mfumo wa kawaida. Shule ndogo isiyo na mlango wa kuingilia shule kubwa huwa chumba cha kuwafichia watoto waliotushinda.

Taabu hazikosekani. Mwalimu aliyefundisha asubuhi hufika alasiri amechoka. Tena joto la Juba ni kali: Machi 2024, lilipotazamiwa kufikia nyuzi 45, serikali ilifunga shule zote nchini. Chini ya paa la bati, saa za alasiri ndizo ngumu kupita zote.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, mwenye kijana aliyeacha shule asiseme, "Huyu amekwisha kuwa mkubwa." Na amwendee mwalimu mkuu, amwulize mambo matatu: Je, mtoto ataandikwa katika daftari la shule? Atafanya mtihani wa taifa? Mwalimu wake analipwa kwa saa hizo za ziada? Majibu yakiwa ni ndiyo, ampeleke kesho asubuhi akaandikishwe.