Kibodi ya mekanika: je, inalipa Mbinga?

Fedha za kahawa zikiingia mikononi, mwenye duka la steshenari au kibanda cha gemu hufikiria vifaa vipya. Kibodi ya mekanika ni ghali, hivyo hesabu itangulie.

Kibodi ya kawaida hutegemea utando mmoja chini ya vitufe vyote. Sehemu moja ikifa, yote hutupwa. Na huanza kufa pabaya: A ndiyo herufi inayopigwa zaidi katika Kiswahili, na mcheza gemu naye huitumia kwenda kushoto. Ya mekanika ina swichi yenye springi kwa kila kitufe; watengenezaji wengi hutaja mibonyezo milioni 50. Hataza ya Cherry ya Ujerumani ilipoisha, viwanda vya China kama Kailh na Gateron viliongeza ushindani katika miaka ya 2010.

Swichi nyekundu hushuka laini, kahawia hugusa kidole kidogo, buluu hulia. Wachapaji watatu wenye buluu, chumba hakikaliki.

Chagua ile ambayo swichi huchomolewa bila kuchomelea. Hapo mtu wa Mbamba Bay huchomeka swichi ya akiba, haagizi kibodi Songea. Ila swichi ya pini 5 haiingii tundu la pini 3 bila kukatwa. Vifuniko viwe vya plastiki ya PBT. ABS hung'aa upesi kwa mafuta ya vidole.

Tuseme ya kawaida ni sh. 20,000, ya mekanika sh. 80,000. Faida huanza ikidumu kupita nne za kawaida. Duka linalochapa barua mbili kwa siku libaki na utando.