Pembe ya Mandolini na Mkanda Wake

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kauli hiyo yafaa kukumbukwa na mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe mandolini, ala jamaa ya udi yenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili.

Huko Kalamazoo, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, fundi Orville Gibson alichonga mandolini zenye pembe begani, iliyojikunja mfano wa konokono. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa aina ya F-5, ambayo mafundi huiiga hadi leo.

Wengi hudhani pembe hiyo ndiyo chimbuko la sauti. Sivyo, aghalabu ni mbao iliyojaa. Kuichonga kwahitaji kazi nyingi, na bei hupanda. Mandolini ya umbo la tone la maji, isiyo na pembe, humtosha mwanafunzi.

Faida ya pembe ni kushika mkanda: ncha moja huizunguka kwa kitanzi, ya pili huvishwa kwenye kishikizo cha kitakoni. Pasipo pembe, ncha ya juu hufungwa kwa kamba nyembamba imara karibu na kichwa, ikipita chini ya nyuzi. Bizimu ya chuma isiguse mbao, isije ikaikwaruza.

Kisha, kabla mtoto hajasimama nayo, mzazi aishike ala kwa mkono mmoja, na kwa wa pili auvute mkanda kwa nguvu. Fundo likiteleza, lifungwe upya. Shingo ikivunjika, pambo halitaiunga.