Mbuta Amelala Kina Kipi Leo?

Je, msomaji mpendwa, umewahi kusimama Kibuye siku ya Jumapili mbele ya mama muuza samaki, ukamtazama mbuta aliyelazwa pale na kujiuliza alitolewa kina gani cha ziwa? Wengi wetu huuliza bei tu. Tukishaitajiwa tunaguna, tunasogea upande wa mgongo wazi, yaani yale mafupa yaliyobaki baada ya viwanda kutoa minofu, kisha tunarudi nyumbani kupika. Lakini hilo swali la kina ndilo analolala nalo mvuvi. Na siku hizi si mvuvi peke yake. Hata anayefuga ngege ndani ya vizimba ziwani asipolijua jibu lake anaweza kuamka asubuhi moja akakuta mtaji wake wote unaelea juu ya maji, tumbo juu.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi, na sisi Wakenya tuna asilimia 6 tu. Mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Hiyo ghuba yetu ya Winam, inayoanzia hapa Kisumu hadi Rusinga, ni kama sahani: sehemu kubwa yake haifiki hata mita 10. Ukipita Mbita ndipo ziwa lenyewe linapoanza.

Hebu kwanza tusafiri kidogo. Katika maziwa ya milimani ya magharibi mwa Marekani na Kanada kuna samaki aitwaye kokanee. Huyu ni samoni ambaye, tofauti na ndugu zake, haendi baharini kamwe. Huzaliwa, huishi na kufa katika maji baridi. Kiangazi kinapopasha moto maji ya juu, kokanee huteremka kufuata ubaridi wa nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, pengine mita 20 au 30 chini. Ukitupa ndoana juu juu utashinda kutwa nzima bila kuguswa.

Basi wenyeji wa huko wakatengeneza kifaa kiitwacho dauniriga. Ni gurudumu lililofungwa ubavuni mwa mashua, lenye waya wa chuma na chubwi zito la kilo nne au tano mwishoni. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye waya huo kwa kibanio chepesi. Mvuvi huteremsha chubwi hadi kina anachotaka, akisoma mita kwenye gurudumu, kisha huendesha mashua polepole, mwendo wa mtu anayetembea, chambo kikiburutwa nyuma. Samaki akiuma, kibanio huachia, na mvuvi hupambana naye bila ule uzito. Wengine hufunga na kamera ndogo isiyoingia maji karibu na chubwi, wakakaa mashuani wakitazama kwenye kioo jinsi samaki anavyokifuata chambo, anavyokinusa na kukikataa. Starehe ya wenye pesa? Naam, lakini ndani yake mna elimu.

Usidhani kwamba kuburura chambo ni jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 hoteli ndogo za Rusinga, Mfangano na Takawiri zilijulikana kwa uvuvi wa namna hiyo. Wageni walirushwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara alfajiri, wakavua mbuta, wakarudi kutazama simba jioni. Wengi wao hawakuhitaji dauniriga. Walitumia samaki wa bandia mwenye ulimi wa plastiki mdomoni, ambao husukumwa na maji na kumzamisha mita kadhaa kadiri mashua inavyokwenda. Walipita kando ya miamba, mahali ambapo sakafu ya ziwa inaporomoka ghafla, kwa maana hapo ndipo mbuta hupenda kuotea. (Tafadhali usichanganye haya na trola, zile meli za kukokota nyavu kubwa zilizopigwa marufuku. Hapa ni mshipi mmoja na samaki mmoja.) Mbuta si mdogo, hata hivyo. Yule aliyeandikishwa kuwa mkubwa kupita wote waliovuliwa kwa mshipi wa mchezo alikuwa na kilo 104, naye alitolewa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000.

Ama hiyo kamera, hapa ingekuwa hasara tupu. Ukiizamisha katika ghuba ya Winam utaona rangi ya kijani, halafu giza. Mwaka 1865 padri mmoja Mtaliano, Angelo Secchi, alibuni kipimo rahisi mno: sahani nyeupe iliyofungwa kamba, unaizamisha mpaka isionekane, unapima kamba. Katika Ziwa Tanganyika sahani hiyo huonekana mita nyingi chini. Katika ghuba yetu mara nyingi hupotea kabla ya mita moja. Haikuwa hivyo ziwa zima zamani; wataalamu waliopima miaka ya 1920 waliliona katikati likiwa safi kuliko sasa mara mbili au zaidi. Udongo wa mashamba, mbolea, maji machafu ya miji yetu, Kisumu ikiwamo, vimelilisha ziwa hadi mwani umelitawala. Naye mbuta, aliyeletwa ziwani kuanzia mwaka 1954 upande wa Uganda, na upande wetu katika miaka ya 1960, aliwamaliza fulu wengi, na baadhi yao walikuwa wakila mwani huo huo.

Sasa tunafika penye kiini. Kokanee hutafuta ubaridi. Mbuta wetu hana shida hiyo, kwani ziwa lina joto la kati ya nyuzi 23 na 28 takriban mwaka mzima. Yeye hutafuta pumzi. Mwani ukifa huzama, huoza, na kuoza huko hula oksijeni ya chini. Kuanzia kama Septemba hadi Mei maji ya juu huwa na joto kidogo kuliko ya chini, nayo hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, yasichanganyike. Chini hapo pumzi hupungua, na mahali penye kina kirefu huisha kabisa. Mbuta hapendi maji yenye oksijeni kidogo, basi hupanda. Ikifika Juni hadi Agosti, pepo za kusini hulivuruga ziwa lote, hewa ikafika chini, naye akateremka tena. Mwenye nyavu za kulaza chini na mwenye nyavu za kuelea hawapati sawa kila mwezi, na sasa umejua ni kwa nini. Kamongo ndiye asiyejali: ana mapafu, huja juu kuvuta hewa kama mimi na wewe.

Je, atajuaje mtu mbuta yuko wapi katika maji ambayo hata sahani nyeupe haionekani? Kwa sauti. Tangu mwaka 1999 watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakizunguka ziwa na vyombo vya mwangwi, meli ya RV Victoria Explorer ikiwa mojawapo ya zilizotumika. Mlio hutumwa chini, nao hugonga kitu na kurudi. Kinachorudisha sauti kwa nguvu si nyama ya samaki bali kibofu chake cha hewa, kile kinachomwezesha kuelea bila kuzama. Kwa njia hiyo wameona mbuta wanavyopanda na kushuka kwa majira, na jinsi omena walivyozidi kuwa sehemu kubwa ya samaki wote ziwani.

Na ajabu ya dunia ni kwamba kibofu hicho hicho, ambacho wenzetu wa Mwanza hukiita bondo, sasa kina bei kuliko minofu yenyewe. Hukaushwa na kupelekwa Hong Kong na China. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo kibofu kinavyolipa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mbuta wakubwa, ambao ni majike wenye mayai kwa mamilioni, ndio wanaosakwa kuliko wote, ingawa nchi zetu tatu zilikubaliana viwanda vipokee wale wa sentimita 50 hadi 85 tu. Mimi naona huo ni ulafi wa kula mbegu.

Tuje kwenye vizimba. Ufugaji wa ngege ndani ya ziwa umeenea Siaya, Homa Bay na hapa Kisumu. Mbuta akikosa pumzi hupanda au huhama; ngege wa kizimbani hana pa kwenda. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji yasiyo na oksijeni yalipopanda juu upande wa Kisumu, wafugaji walipoteza samaki wengi mno kwa siku chache. Ukiwa na jamaa mwenye kizimba, mwambie apime oksijeni kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo huwa chini kabisa, na asiwalishe samaki asubuhi inapokuwa haba, kwa maana shibe huwaongezea haja ya pumzi. Aidha asikiweke kizimba kwenye ghuba iliyotulia ati kwa sababu ni karibu na nyumbani. Maji yanayotembea ndiyo yenye uhai.

Nanyi wanafunzi, hamhitaji kamera ya dola. Tafuteni sahani nyeupe ya upana wa sentimita 20, toboeni, fungeni kamba iliyotiwa alama kila sentimita 10 na jiwe chini yake. Mwombeni mwenye mashua pale Dunga awasogeze mbele kidogo saa sita mchana, mkiwa na mwalimu wenu. Zamisheni upande wenye kivuli, andikeni ilipopotea, kisha ipandisheni polepole na muandike ilipotokea tena. Nusu ya jumla ya hizo mbili ndiyo kipimo chenu. Rudieni kila mwezi, mara mvua zikinyesha na mara zikiisha, mwone daftari litasema nini.