Sifa ya Udahili na Utayari wa Kihisabati: Pengo kati ya Kidato cha Nne na Chuo Kikuu nchini Tanzania

Sifa ya udahili na utayari wa kusoma ni dhana zinazohusiana, ingawa hazilingani. Sifa huthibitishwa na cheti. Utayari hudhihirika pale mwanafunzi anapotakiwa kuyatumia maarifa yanayoshuhudiwa na cheti hicho. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo kwa kurejelea somo la Hisabati nchini Tanzania.

Katika utaratibu wa tahasusi uliozoeleka kabla ya mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023, Hisabati ilikuwa somo la lazima hadi Kidato cha Nne. Kuanzia Kidato cha Tano, njia ziligawanyika. Mwanafunzi wa Fizikia, Kemia na Hisabati aliendelea na Hisabati ya ngazi ya juu. Wa Fizikia, Kemia na Baiolojia alisoma Hisabati Tumizi. Ilhali wa Historia, Kiswahili na Kiingereza hakusoma Hisabati kabisa. Huyu wa mwisho, akidahiliwa katika sayansi za jamii, hukutana na takwimu za utafiti baada ya miaka mitatu au zaidi bila somo hilo.

Kinachomkwaza si lazima kiwe hisabati mpya. Chukua alama 3, 3, 7 na 7. Wastani wake ni 5. Tofauti za kila alama na wastani ni -2, -2, 2 na 2, ambazo jumla yake ni sifuri. Kwa hiyo kila tofauti hupandishwa kipeo cha pili. Wastani wa vipeo hivyo ni 4, na kipeuo chake cha pili, yaani 2, ndicho mchepuko wastani. Kila hatua hapa hutumia ujuzi uliofundishwa kabla ya Kidato cha Tano. Kinachopungua ni wepesi unaoletwa na mazoezi.

Lugha nayo huongeza ugumu. Mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili alijifunza namba hasi na kipeuo cha pili kwa lugha hiyo, kisha akavikuta tena sekondari kwa Kiingereza. Anaposahau istilahi, huweza kudhaniwa kuwa amesahau dhana.

Inafuata kwamba daraja la ufaulu pekee halitoshi kukadiria utayari, kwa kuwa halizingatii muda uliopita tangu mtihani ufanyike. Upimaji mfupi mwanzoni mwa masomo ungefaa kuonyesha stadi zinazohitaji kurejewa. Hata hivyo, matokeo yake yatumike kupanga msaada. Yakitumika kama kizuizi kingine cha udahili, yatamwadhibu mwanafunzi kwa pengo lililotokana na mpangilio wa mtaala.